Mume wangu anataka mtoto aitwe Ettore. Je, jina hili lina nuksi?

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mume wangu ni Mwitaliano wa Brescia. Tunatarajia mtoto wa kwanza, na mume wangu anataka akiwa mvulana aitwe Ettore, kama marehemu babu yake. Mama yangu alikuwa amekubali, mpaka mdogo wangu alipomsomea kwenye simu kwamba Ettore ni shujaa wa hadithi za Wagiriki aliyeuawa, akafungwa nyuma ya gari la farasi na kuburutwa. Sasa mama hataki hata kulisikia. Anasema jina humwandama mwenyewe. Waitaliano hawauoni ubaya wake? Na waliowahi kuitwa hivyo walikuwa na maisha gani?

Jibu: Dada, hongera, na mpe mama shikamoo yangu. Swali lake si la kupuuzwa, na mdogo wako hakumdanganya. Ettore ndiye Hector wa Wagiriki, mwana wa Priamo, mfalme wa Troya (majina nitayaandika Kiitaliano, kwa kuwa ndivyo utakavyoyasikia ukweni). Katika Iliade, utenzi wa Homer, anauawa na Achille, shujaa wa Wagiriki waliouzingira Troya, mbele ya kuta za mji wake huku wazazi wake wakitazama kutoka juu. Achille anamtoboa miguu, anapitisha kamba za ngozi na kumburuta mavumbini. Yote hayo yamo katika kitabu cha 22, na hakuna namna ya kuyapamba.

Lakini utenzi huo una vitabu 24, na aliyemsomea mama aliishia njiani. Katika kitabu cha mwisho mzee Priamo anakwenda usiku mpaka kwenye hema la Achille, anaibusu mikono iliyomuulia wanawe, na anarudi na maiti ya mtoto wake. Maiti ile imeburutwa siku nyingi, lakini miungu imeikinga isiharibike. Utenzi unafungwa kwa mazishi ya Ettore, mji mzima ukimlilia. Achille, aliyeshinda, hapewi mwisho huo. Tunamwacha hai, akijua kwamba zamu yake imekaribia.

Kama mama ana subira ya kusomewa tena, msomee kitabu cha 6. Ettore ametoka vitani kwa muda mfupi, anamtafuta mkewe Andromaca, anamkuta kwenye lango la mji pamoja na yaya aliyembeba mtoto. Ettore ananyoosha mikono ampokee. Mtoto anapiga kelele na kujificha kifuani kwa yaya, kwa sababu ameiogopa ile kofia ya chuma na shungi la manyoya ya farasi linalotikisika juu yake. Baba na mama wanacheka. Ettore anaivua kofia, anaiweka chini, anambusu mwanawe, anamrusharusha mikononi, kisha anamwombea: siku moja watu waseme huyu amempita baba yake. Huyu ndiye Ettore ambaye Waitaliano wanamkumbuka wanapomchagulia mtoto jina. Alijua kwamba mji utaanguka, alimwambia mkewe hivyo waziwazi, na bado akarudi vitani kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mke, mtoto na wazee.

Na kuhusu jina kumwandama mtu, utenzi huohuo una jibu. Mtoto yule baba yake alimwita Scamandrio, kwa jina la mto wa pale. Watu wa mji ndio waliompa jina jingine, Astianatte, yaani bwana wa mji, kwa kumheshimu baba aliyewalinda. Huwezi kupata jina la heri kuliko hilo. Hakutawala hata siku moja. Simulizi za baadaye zinasema kwamba mji ulipoanguka Wagiriki walimuua akiwa bado mdogo. Basi kama jina zuri halikumkinga Astianatte, sioni kwa nini la baba yake limdhuru mtoto wa Malindi.

Sasa, kwa nini Waitaliano? Kwa sababu katika vita vile wao hawajioni upande wa Wagiriki. Waroma wa kale walijihesabu kuwa kizazi cha Troya. Aliyewafikisha Italia ni Enea, aliyekuwa shemeji yake Ettore, maana alimwoa Creusa, binti wa Priamo. Katika utenzi wa Virgil, mshairi wa Kiroma wa zama za Kaisari Augusto, usiku mji unapoungua Ettore anamtokea Enea ndotoni, ametapakaa damu na vumbi, majeraha yote mwilini, anamwambia kimbia, chukua vitu vitakatifu vya mji wetu, ukavitafutie mji mwingine ng'ambo ya bahari. Kwa simulizi hiyo, Ettore ndiye aliyetoa wasia ambao mwisho wake ni Roma. Mji wa Padova nao husimulia kwamba uliasisiwa na Antenore, mzee mwingine aliyekimbia Troya, na kaburi linaloitwa lake lipo katikati ya mji mpaka leo.

Ukristo ulipokuja haukumfukuza. Katika enzi za kati Ettore aliwekwa kwenye orodha ya mashujaa tisa waliokuwa mfano kwa mabwana wa Ulaya, watatu wapagani, watatu Wayahudi, watatu Wakristo, na yeye ndiye wa kwanza. Ukifika Piemonte, nenda kasri la Manta karibu na Saluzzo: wamechorwa ukutani, wamepangwa safu moja, tangu mwanzo wa karne ya 15, wamevaa mavazi ya wakati ule kana kwamba ni majirani wa mwenye kasri. Dante naye, mshairi mkuu wa Italia wa enzi zile, katika utenzi wake juu ya ahera alimweka Ettore mahali pa heshima katika Limbo, ukingo wa jehanamu, pamoja na watu wema waliokufa kabla ya Kristo. Kisha mwaka 1807 Ugo Foscolo, ambaye mama yake alikuwa Mgiriki, alitunga shairi refu juu ya makaburi. Angeweza kulimaliza kwa shujaa wa upande wa mama. Alilimaliza kwa Ettore: kwamba ataliliwa popote pale damu iliyomwagwa kwa ajili ya nchi inapoonekana kuwa takatifu, maadamu jua linaangaza juu ya maafa ya wanadamu. Mistari ile husomwa shuleni kote Italia, na sitashangaa mumeo akiweza kuisema bila kuangalia kitabu.

Kwa jumla Waitaliano hawalichukulii jina la hadithi za kale kama dalili ya mkosi au ya heri. Papa Pius XI alibatizwa Achille Ratti. Oreste, yule wa hadithi, alimuua mama yake mzazi, lakini Oreste ni jina la kawaida kabisa, la mafundi, makarani na majenerali. Ndiye Jenerali Oreste Baratieri aliyeongoza jeshi la Italia Adua tarehe 1 Machi 1896 na kushindwa na Mfalme Menelik, na sidhani kama Wahabeshi walihitaji msaada wa jina lake.

Umeuliza waliolibeba waliishije. Waliishi kila namna, na hilo lenyewe lingemtuliza mama.

Aliyelifanya jina kuwa la uzalendo ni Ettore Fieramosca wa Capua. Mwaka 1503 Wafaransa na Wahispania walikuwa wakigombea kusini mwa Italia, na Mfaransa mmoja aliyekuwa mateka Barletta aliwaita Waitaliano waoga. Ikapangwa siku: 13 Februari, wapanda farasi 13 kwa 13, Fieramosca akiwa kiongozi wa Waitaliano. Walishinda. Kinachosahauliwa kwa urahisi ni kwamba walikuwa askari wa kulipwa wa mfalme wa Hispania, kwa hiyo Italia waliyoipigania haikuwapo bado. Lakini mwaka 1833, wakati Waitaliano walipokuwa wakiota taifa lao moja, Massimo d'Azeglio alimwandikia riwaya, na tangu hapo kumwita mtoto Ettore kulikuwa na ladha ya siasa pia.

Mwaka 1861, ule uliotangazwa ufalme wa Italia, alizaliwa Trieste Ettore Schmitz, wa familia ya Kiyahudi, mji ukiwa bado chini ya Austria. Alifanya kazi katika kampuni ya wakwe zake iliyotengeneza rangi ya kupaka meli chini ya maji, akajifunza Kiingereza kwa mwalimu kijana aliyeitwa James Joyce, na akaandika riwaya ambazo kwa miaka mingi hazikusomwa na mtu. Leo ni miongoni mwa waandishi wakubwa wa Italia, ila dunia inamjua kwa jina alilojipa, Italo Svevo.

Wa magari unamjua, au mumeo anamjua: Ettore Bugatti, mzaliwa wa Milano wa 1881, aliyefungua kiwanda chake Molsheim, Alsace, mwaka 1909, wakati Alsace ilikuwa ya Ujerumani, kisha ikawa ya Ufaransa naye yumo humohumo. Herufi mbili zilizogeuziana mgongo kwenye nembo ya magari yale ni E na B. Familia ile haikuogopa majina makubwa. Ndugu yake, mchongaji wa sanamu za wanyama, aliitwa Rembrandt.

Ettore Majorana ndiye atakayemtia mama wasiwasi, kwa hiyo bora umwambie wewe kabla mdogo wako hajafungua simu tena. Alizaliwa Catania mwaka 1906, akawa mmoja wa vijana waliomzunguka mwanafizikia Enrico Fermi mjini Roma, na inasimuliwa kuwa Fermi alimweka daraja moja na Galileo na Newton. Hakupenda kuchapisha. Wanafizikia husema kila chembe ndogo kabisa ya maada ina pacha aliye kinyume chake; makala yake ya 1937 ilisema kwamba huenda zipo chembe ambazo zenyewe ndizo pacha huyo, yaani hakuna tofauti kati ya chembe na kinyume chake, na mpaka leo maabara duniani zinatafuta kujua kama neutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji ya umeme, ni ya namna hiyo. Mwaka uleule alipewa uprofesa Napoli bila kupita kwenye mashindano, kwa sifa zake tu. Machi 1938 alipanda meli kwenda Palermo, akamwachia mkuu wa taasisi yake barua ya kuaga. Kutoka Palermo akaandika tena kwamba bahari imemkataa na kwamba anarudi. Alikuwa na tiketi ya meli ya kurudia Napoli. Hajaonekana tena, akiwa na miaka 31.

Wengine walisema amejitupa baharini, wengine kwamba amejificha kwenye nyumba ya watawa. Mwaka 2015 waendesha mashtaka wa Roma walifunga jalada wakisema kwamba kati ya 1955 na 1959 alikuwa hai Venezuela, kwa hiari yake. Si kila mtu ameridhika na hitimisho hilo. Ninachokiona mimi ni kwamba hadithi yake haifanani hata kidogo na ya Ettore wa Troya. Yule wazazi wake walimsihi aingie ndani ya kuta, akakataa; huyu aliondoka bila kufukuzwa na mtu. Ukitafuta jina lililomwandama mwenyewe, hapa hulipati. Na jina lake limebaki: kituo kikubwa cha mikutano ya wanasayansi huko Erice, Sicilia, kinaitwa kwa jina lake.

Wengine nitawapitia haraka. Ettore Scola, mwongozaji wa filamu, alimchukua Sophia Loren, mwanamke mrembo kuliko wote wa sinema ya Italia, akamvika gauni la nyumbani na kumfanya mama wa watoto sita aliyechoka. Filamu ile ya 1977 ni moja ya zile ninazozirudia. Alifariki 2016 akiwa na miaka 84. Ettore Bastianini wa Siena aliimba opera kwa sauti nzito ya ajabu mpaka ugonjwa wa koo ulipomnyamazisha, na karibu hakumwambia mtu. Ettore Messina, kocha wa mpira wa kikapu, ametwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mara nne. Ettore Sottsass alibuni taipureta nyekundu ya Olivetti ya mwaka 1969, ile inayobebwa kama mkoba, na alifariki akiwa na miaka 90.

Wapo pia nisiowapenda. Ettore Tolomei alitumia maisha yake kubadilisha majina ya wengine: milima, vijiji na mito ya Tirol ya kusini yenye majina ya Kijerumani aliyatungia majina ya Kiitaliano, na utawala wa Mussolini ukayalazimisha. Malalamiko juu ya vibao vya barabarani huko hayajaisha hadi leo.

Basi mwambie mama hivi: mume wako hamwiti mtoto kwa maiti iliyoburutwa. Anamwita kwa babu yake, kama nyinyi mnavyofanya, na babu yule naye aliitwa kwa mtu aliyefia lango la kwao. Kama nyumbani kwenu ni Waislamu, inafaa pia ajue kwamba Ettore si jina la mungu wa kipagani. Achille mama yake alikuwa mungu wa baharini, lakini Ettore katika simulizi ni mwanadamu mtupu, mwana wa binadamu wawili. Maana ya jina, kwa Kigiriki, ni anayeshika imara. Upande wa Kanisa, sheria ya 1917 ilimtaka paroko aongeze jina la mtakatifu ikiwa wazazi wameshikilia jina lisilo la Kikristo. Ya sasa inataka tu lisiwe jina linalokwenda kinyume na imani. Hakuna padri atakayekukatalia Ettore.

Mimi shida ninayoiona kwenu ni ya mdomo. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo Malindi nzima itamwita e-TO-re. Mwitaliano anasema ET-to-re, mkazo mwanzoni, na t anaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Mkubaliane mapema kama mtawasahihisha watu maisha yenu yote au mtaacha. Ettore Boiardi, mpishi wa Piacenza aliyehamia Marekani akiwa kijana na kutajirika kwa kuuza tambi za kopo, alichoka kusahihisha: akawa Hector, na ukoo wake akauandika Boyardee ili Wamarekani wausome sawasawa. Kwenye makopo ameandikwa hivyo mpaka leo.

Kuhusu karatasi, mambo machache tu. Sheria ya Italia, amri namba 396 ya mwaka 2000, inakataza mtoto kupewa jina la baba yake aliye hai, au la ndugu yake aliye hai. Sottsass na baba yake, ambaye naye alikuwa msanifu majengo, waliitwa sawa, leo isingewezekana. La babu halina kizuizi. Jina la mtoto linaweza kuwa na sehemu hadi tatu, kwa hiyo nafasi ya jina la upande wako ipo, na ningekushauri uitumie: Ettore Salim, Ettore Karisa, lolote ambalo mama yako ataliita bila kusita. Mkiandikisha Italia, angalieni koma. Mkiandika majina mawili bila koma, yatafuatana kwenye kila hati. Mkitia koma katikati, kwenye vyeti litatokea la kwanza peke yake, na lile la kwenu litabaki kwenye daftari la manispaa tu. Wakwe hawatakuambia jambo hili, si kwa ubaya, hawalijui.

Mkijifungulia Kenya, cheti chenu ndicho kitakachopelekwa ubalozini Nairobi na kunakiliwa Italia, kwa hiyo kosa la karani wa hospitali litasafiri nalo. Andika mwenyewe kwa herufi kubwa, t mbili, kabla hajaandika Etore au Hector.

Hujasema akiwa msichana itakuwaje. Ettorina lipo, ila ni la mabibi wa zamani, usimfanyie mtoto hivyo. Kama mumeo anataka kubaki kwenye ukoo huohuo, mpendekezee Elettra. Dante anapomtaja Ettore katika Limbo, anayemtangulia kwenye mstari ni Elettra, bibi mkuu wa watu wa Troya. Guglielmo Marconi, yule wa redio, alimwita hivyo binti yake aliyezaliwa 1930, kwa jina la meli yake. Ila mdogo wako asiruhusiwe kutafuta kwenye simu, kwa sababu yuko Elettra mwingine, dada yake Oreste, na huyo alimchochea kaka yake amuue mama yao.